Sensa ya Salamu

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba nchi ninayoisimulia siyo hii. Iko mbali. Ukitaka kwenda unavuka mto, unapita mpaka, unauliza mbele, na wakikuambia umeshafika, kataa. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato. Nimekaa huko miaka mingi nikila ugali wao, kwa hiyo sina sababu ya kuisema vibaya. Serikali yao ni sikivu. Ukisema kitu wanakusikia, na wakishakusikia wanakuja kukuchukua.

Tatizo la Mchakato lilikuwa moja tu: watu hawakuwa na kazi. Si kwamba wakubwa walilala. Baba wa Fursa, ndivyo tulivyomwita Rais kwa mujibu wa sheria, alikuwa haishiwi mikakati. Mkakati wa kwanza ulikuwa wa majina. Aliyekuwa akitembeza karanga akaitwa Mwekezaji wa Barabarani, na aliyekuwa akishinda kijiweni akaitwa Mdau. Vijana walifurahi sana, wakaendelea kushinda kijiweni.

Mkakati wa pili uliitwa Jiajiri. Maofisa wa wizara, watu ambao toka watoke shule hawajawahi kula mkate usio wa serikali, walizunguka nchi nzima kwa magari ya serikali wakiwafundisha vijana ubaya wa kutegemea serikali. Walikuwa na posho ya kukaa na posho ya kusimama, na waliofundisha kilimo kwa vitendo walikuwa na posho ya kuinama.

Mkakati wa tatu ndio uliotugusa sisi. Ilionekana ni aibu kwamba makongamano ya ajira yanafanyika hotelini, tena hoteli za watu wengine. Taifa likahitaji ukumbi wake. Mjini kwetu palikuwa na jengo moja tu lililotosha wajumbe wote, nalo ni kiwanda cha nguo kilichoajiri nusu ya mji. Kikafungwa. Mashine ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wafanyakazi wakapewa fulana za kuagwa, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, na juu ya lango yakaandikwa maneno UKUMBI WA TAIFA WA AJIRA. Mimi niliusifu ukumbi ule na bado nausifu. Una mwangwi mzuri.

Kati ya waliopewa fulana alikuwemo jirani yangu Mshamu. Alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, mtu wa utani, mrefu, anayeinama kila mlangoni hata milango mirefu. Vumbi la pamba lilikuwa limemwingia kifuani kwa miaka yote ile, na kiwanda kilipofungwa, vumbi lenyewe halikuachishwa kazi. Mwaka wa pili tangu afungiwe lango akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati.

Mkewe alikuwa Sikudhani. Huyu alikuwa na adabu hadi inachosha. Ukimkanyaga anakuomba radhi. Nimemwona kwa macho yangu akipita penye kuku wanaokula, akawaambia samahani. Binti yao Zuhura alikuwa Arabuni akifua nguo za watu, na hesabu yake ilikuwa kwenye mkakati mwingine kabisa. Hapa nyumbani walibaki wawili, wakiitana Baba Zuhura na Mama Zuhura, na tegemeo lao kubwa lilikuwa Wadi ya Msamaha.

Hii wadi nieleze kidogo. Hospitali ya mji ilikuwa na wadi moja ya watu wasio na kazi, waliotibiwa bure, na ndani yake palikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Mshamu akizidiwa tunambeba, anavuta hewa ya ule mtungi siku mbili tatu, anarudi nyumbani anaweza hata kunitania kuhusu upara wangu. Mtungi ule ndio uliokuwa uhai wake, wala si kwa lugha ya mafumbo.

*

Sasa ikatokea kwamba wahisani wanakuja. Wahisani ni watu wanaotusaidia mikakati, na safari hii walisema hawataki kuona mikakati, wanataka kuona idadi ya walioajiriwa. Wizara ya Kazi, Fursa na Matumaini ilipata homa. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Sifuni Kirobo, alikaa wiki nzima bila kuzindua kitu chochote, na waliomjua walihofia afya yake.

Mungu si Athumani. Asubuhi moja gari la Waziri lilikwama kwenye tope karibu na kijiwe, na vijana wakaja kulisukuma. Waziri akateremsha kioo nusu, akawaambia kwa heshima zote, "Habari za kazi, vijana?"

"Nzuri, Mheshimiwa!" wakaitikia wote, wamejaa tope mpaka masikioni.

Waziri akapandisha kioo. Kisha akamgeukia katibu wake, na inasemekana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Umesikia? Wamesema nzuri. Hebu niambie, Katibu, kazi isiyokuwepo inawezaje kuwa na habari nzuri?"

Katibu alikuwa na shahada tatu, na hakuwa na jibu hata moja.

Msomaji wa nchi nyingine inabidi aelewe jinsi tulivyolelewa sisi watu wa Mchakato. Salamu kwetu haijibiwi vibaya. Nyumba ikiteketea, jirani akikuuliza habari za asubuhi, unamwambia nzuri, ila nyumba imeungua. Maiti iko ndani haijaoshwa, mgeni anapiga hodi, habari za hapa, nawe unasema salama, ila tumefiwa. Kwanza unampa mwenzio uzima, ndipo unampa msiba. Tulidhani ni adabu. Kumbe tulikuwa tunatoa takwimu.

Ikatangazwa Sensa ya Salamu. Makarani walifundishwa kwenye semina elekezi, na Dakta Sifuni mwenyewe ndiye aliyewapa somo.

"Ndugu makarani," alisema, "mtapita nyumba kwa nyumba na swali moja tu: habari za kazi? Atakayesema nzuri, ana kazi. Mwandikeni. Na mkisikia neno 'ila', fungeni kalamu. Takwimu inaishia kwenye mkato. Maneno ya baada ya 'ila' ni maoni, na maoni yana wizara yake."

Karani mmoja, mgeni katika utumishi, akauliza itakuwaje kwa mtu asiyeitikia kabisa.

"Asiyeitikia salamu," Waziri akajibu bila kufikiri, "ni mkurugenzi."

*

Kwa Mshamu karani alikuja saa nne asubuhi, kijana mstaarabu amevaa kizibao cha njano. Mimi nilikuwa barazani kwangu, nasikia kila kitu, maana ukuta wetu ni mmoja.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, karibu maji."

"Nimeshakaribia. Habari za kazi?"

"Nzuri, baba, ila kazi yenyewe ndo hakuna, mwenzangu kifua kina..."

Kalamu ikafungwa, nikaisikia kabisa. "Asante, mama. Na baba je? Baba anafanya nini?"

"Baba?" Sikudhani akacheka kidogo kwa aibu, kama unavyocheka unapoulizwa habari za mgonjwa wako na mtu usiyetaka kumchosha. "Aah, baba yupo tu."

Karani akaandika. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliandika: *Mshamu. Kazi: kuwepo.* Na kwa kuwa Mshamu hakuwa peke yake, maana nusu ya wanaume wa mji walikuwa wapo tu, wizara ikaunda kada mpya ya Maofisa wa Kuwepo, yenye daraja la kwanza mpaka la tatu.

Matokeo yalisomwa redioni na Baba wa Fursa mwenyewe. Nchi nzima ina kazi. Mia kwa mia. Aliyekuwa amelala alipopitiwa na karani ni mkurugenzi, na aliyekuwa amelewa ni mshauri mwelekezi. Mizinga ilipigwa, na sisi tukatoka nje kuangalia nani amevamia.

Wiki iliyofuata Mshamu akazidiwa. Tulimbeba mimi na Sikudhani na jirani mwingine mpaka hospitali, tukakuta Wadi ya Msamaha imefungwa kwa kufuli. Mlangoni pamebandikwa karatasi: IMEFUNGWA KWA KUKOSA WALENGWA.

Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Leokadia, aliyekuwa akimjua Mshamu miaka yote. Alitutazama, akatazama chini.

"Mama Zuhura, mi nifanyeje? Mfumo unasema baba ni mwajiriwa. Nchi haina mtu asiye na kazi, wadi ya nini?"

"Na mtungi, Sista?" Sikudhani akauliza. "Mtungi si uko humo ndani? Tufungulie tu, avute kidogo, tunaondoka."

"Mtungi umehamishiwa Ukumbi wa Ajira. Kongamano linakuja. Wanasema wajumbe wanaishiwa pumzi hotuba zikirefuka." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Kanuni inasema mtungi unamfuata asiye na kazi. Akipatikana mmoja tu nchi nzima, wanalazimika kuurudisha. Nenda wizarani ukawaambie ile 'nzuri' yako uliikosea. Ukifutwa leo kwenye orodha ya wenye kazi, kesho mlete."

Tukamrudisha Mshamu nyumbani. Njiani alituambia, kwa vipande, kwamba ni mara ya kwanza anabebwa na watumishi wa serikali. Nilicheka, na moyoni nilikuwa na hofu.

*

Wizarani Sikudhani hakufika mbali. Getini kuna askari, na askari wale ni watu wa heshima.

"Shikamoo, mama. Habari za kazi?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri, ila..."

Akauma ulimi. Alikuwa ameshachelewa. Askari akatoa kitambulisho cha wageni na kumwambia kwa furaha, "Basi umeshathibitishwa upya, mama. Hii nzuri ya leo imeondoa shaka yote ya ile ya kwanza."

Akarudi kesho yake. Mapokezi, dada mmoja mzuri amepaka wanja: habari za kazi, mama? Nzuri. Akarudi tena. Ngazini akakutana na mfagizi, mzee mwenzake kabisa, ambaye hakuwa na nia mbaya: za kazi, dada? Nzuri, kaka, za kwako? Alikaa kwenye ngazi akajipiga paja. Kila alipokwenda kuifuta ile nzuri, aliongeza nyingine.

Hatimaye alifika kwa Bwana Gervasi, Ofisa wa Rufaa za Ajira. Sasa alikuwa ameapa. Bwana Gervasi alinyanyua kichwa, akatabasamu.

"Karibu, mama. Habari za kazi?"

Sikudhani alifumba mdomo. Aliniambia kwamba shingo ilimuuma, jasho likamtoka, akajiona mshenzi. Bwana Gervasi akarudia salamu. Yeye kimya, anatazama ukuta. Bwana Gervasi akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti.

"Samahani, Mkurugenzi," akasema. "Sikukutambua."

Alisindikizwa mpaka nje akifunguliwa milango. Bwana Gervasi ni mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa wazi.

Jioni ile tulikaa uani kwao. Mshamu alikuwa ameegemezwa mito mitatu, na kila pumzi yake ilikuwa na mluzi ndani. Nilisimulia mimi, maana Sikudhani alikuwa analia.

"Mkurugenzi!" Mshamu akasema, akapumzika. "Na mimi... nalala na bosi... sina habari."

"Baba Zuhura, si wakati wa mzaha."

"Sikia, mke wangu. Kunyamaza hakufai. Nzuri haifai. Limebaki neno moja." Akapumzika tena. "Sema mbaya."

"Siwezi."

"Nakuuliza mimi, si mtu baki. Habari za kazi, Mama Zuhura?"

Sikudhani akafungua mdomo. "Nz..." Akajiziba kwa upande wa khanga. "Siwezi, Baba Zuhura. Siku mama yangu anakata roho nilimuuliza habari ya tangu asubuhi, akaniambia nzuri. Nzuri, akafa. Sasa mimi nianzeje?"

Mshamu alitaka kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Sikudhani alimshika mgongo. Kilipotulia, mumewe alikuwa amebadilika rangi, na ni hapo mwanamke yule alipokunja sura, akamtazama machoni, akasema polepole, "Mbaya. Kazi hakuna. Habari ni mbaya."

"Ehe," Mshamu akasema. "Hivyo hivyo."

*

Mwaliko uliletwa na gari. Kongamano la wahisani lilihitaji mfano hai, na wizara ilipopekua rekodi zake ikamkuta mwanamke wa uswahilini aliyepanda kutoka kusikojulikana hadi ukurugenzi kwa siku moja. Nchi gani nyingine inaweza kuonyesha maajabu hayo? Dakta Sifuni akaagiza apewe kiti cha mbele na asalimiwe na Baba wa Fursa mwenyewe, hadharani, redio zikirusha moja kwa moja.

"Nenda," Mshamu akamwambia. "Mtungi uko huko huko. Na huyo ndo mwenye funguo."

Alijifunga khanga zake mpya, akaniachia mumewe na bakuli la uji, akaondoka. Mimi nikakaa na Mshamu tukiwa na redio katikati yetu.

Haya ya ukumbini nilihadithiwa na Sikudhani, na mengine niliyasikia. Aliingia mahali ambapo mumewe alisimama miaka yote kwenye mashine, akakuta mazulia. Wahisani wamekaa, wajumbe wamekaa, na pembeni ya jukwaa, umefungwa utepe wa rangi za taifa na umewekewa shada la maua, umesimama mtungi. Aliutambua kwa ule mkwaruzo wa ubavuni. Ulikuwa umesimama pale pale ilipokuwa mashine ya Mshamu.

Zikaja hotuba. Dakta Sifuni alisema Mchakato haina tena ukosefu wa ajira, ina ukosefu wa wasio na ajira, na kwamba hii ni changamoto ya nchi zilizoendelea. Makofi. Mjumbe mmoja aliyekula pilau kupita kiasi akalegea kitini, wahudumu wakamkimbilia na mtungi, akavuta, akacheua, akarudi kusikiliza. Sikudhani alikuwa akihesabu kila pumzi ya yule bwana. Hakumwonea wivu mtu maishani mwake kama alivyomwonea yule.

Kisha Baba wa Fursa akasimama, akashuka jukwaani na kipaza sauti mkononi. Redioni tulisikia viatu vyake.

"Na huyu ndiye mkurugenzi wetu. Mama, habari za kazi?"

Mshamu alinishika mkono. Sijui alitoa wapi nguvu zile.

Redio ikakaa kimya, kimya kirefu, nikadhani betri zimekwisha. Halafu sauti ya Sikudhani, ndogo, safi kabisa, ikasema:

"Mbaya."

Neno lile lilikuwa halijawahi kusemwa mbele ya Baba wa Fursa na mtu aliyekuwa na miguu ya kurudi nyumbani. Likazunguka ukumbini, maana nilishasema, mwangwi wake ni mzuri.

"Kaweza," Mshamu akaniambia. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa bwana harusi. "Umemsikia? Mama Zuhura... kaweza."

Ndipo ikasikika sauti ya Dakta Sifuni akikimbilia kipaza sauti.

"Mheshimiwa Rais! Wageni wetu! Mama amezungumza lugha ya vijana! Siku hizi kijana akipenda kitu kupita kiasi anasema mbaya. Anaimba mbaya! Anacheza mbaya! Mama anatuambia kazi yake ni nzuri mpaka neno nzuri halitoshi!"

Ukumbi ukalipuka. Mbaya! Mbaya! Mbaya! Wahisani nao, baada ya kutafsiriwa, wakasimama wakapiga makofi wakitamka kwa shida, mbaya, mbaya. Juu ya kelele zile nilimsikia Sikudhani akipiga ukelele, adabu yote imemtoka: "Mume wangu anakufa! Huo mtungi ni wake! Mume wangu anakufa jamani!" Na kijana mmoja kutoka viti vya nyuma akamjibu, "Anakufa mbaya!" Watu wakaangua kicheko.

Niligeuka nimwambie Mshamu kwamba tusikate tamaa. Mkono wake ulikuwa bado umenishika, ila mluzi kifuani ulikuwa umekoma.

Nchini Mchakato ni kosa kuizima redio Baba wa Fursa akiwa hewani. Niliizima. Mimi ni mtu wa kupenda mzaha, na nimeahidi kutoisema vibaya nchi ile, lakini siku ile niliichukia kuanzia mpakani mpaka mpakani, na nikalia mbele ya maiti ya rafiki yangu kama mtu asiye na akili.

Sikudhani hakujua. Alikuwa ameukimbilia mtungi akaukumbatia, na askari wawili walimwachanisha nao polepole kwa sababu ya kamera. Kesho yake magazeti yote yalikuwa na picha ile, mwanamke amefumba macho, shavu lake liko kwenye chuma. Chini yake waliandika: MKURUGENZI AKUMBATIA MAENDELEO. Alirudi kwa miguu. Alipoona wanawake wamekaa mlangoni na khanga kichwani, hakuuliza kitu.

*

Tulijiandaa kuzika kesho yake saa saba. Ingekuwa msiba wa kawaida, kama lisingekuwepo tangazo.

Wizara ilikuwa imepokea taarifa ya kifo "kwa masikitiko na matumaini". Tazama hesabu yao. Nchi nzima ina kazi, maana yake nafasi zote zimejaa. Mtu mmoja amefariki. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu sensa, Jamhuri ya Mchakato ina nafasi moja ya kazi iliyo wazi. Redio ilisoma usiku wa kuamkia mazishi: Ofisa wa Kuwepo, daraja la tatu. Mwombaji awe na shahada, ajue kompyuta, na awe na uzoefu wa kuwepo usiopungua miaka mitano. Usaili utafanyika katika kituo cha kazi cha marehemu. Wakasoma mtaa, wakasoma na rangi ya mlango.

Mpaka saa tatu asubuhi foleni ilikuwa imetoka mlangoni kwa Mshamu, imepita kwangu, imepita msikiti, imekwenda kuishia sijui wapi. Wanaume na wanawake, wamevaa nguo za Idi na za Krismasi, kila mmoja na bahasha yake ya kaki kifuani. Walikuwa watulivu. Wakifika kwenye turubai la msiba wanasema poleni sana, wanainamisha kichwa, na hawatoki kwenye mstari. Wote sensa ilikuwa imewapa kazi. Walikuwa wanatafuta ya kweli, au angalau yenye jina la mtu.

Kulikuwa na wazee kwenye foleni ile. Kulikuwa na karani wa sensa, yule yule wa kizibao cha njano, sasa hana kizibao, maana sensa ilikwisha na yeye akaisha nayo.

Saa saba ikafika. Tukasoma dua, tukaliinua jeneza. Mimi nilikuwa mbele kulia. Tulipofika mlangoni tukakuta foleni imeziba, mtu na mtu, bega kwa bega.

"Tupisheni jamani," nikasema. "Maiti inatoka."

"Tunaelewa, mzee," akajibu wa kwanza, mtu wa miaka kama thelathini na tano, ana mvi chache na tai iliyopauka. Macho yake yalikuwa mekundu, na nina hakika alikuwa ametulilia kweli. "Ila nikitoka hapa nimepoteza nafasi. Nimelala hapa nje, mzee wangu. Nielewe na wewe."

Nyuma yake wote wakaitikia kwa unyonge: tuelewe, mzee. Hakuna aliyeturushia neno baya. Hakuna aliyesogea. Tukasimama pale, jeneza begani, na jua linawaka.

Yule mtu akachungulia ndani, akamwona Sikudhani kwenye mkeka kati ya wanawake, akavua viatu kwa heshima bila kuondoka kizingitini.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba. Mungu akupe subira." Akasafisha koo. "Samahani kwa kuuliza wakati kama huu. Kazi ya marehemu... ilikuwa ya mkataba, au ya kudumu?"

Wanawake waliguna. Mmoja akanyanyuka na kiatu mkononi. Sikudhani akamzuia. Alimtazama yule mtu, akatazama jeneza la mumewe lililokwama mlangoni, juu ya mabega yetu.

"Ya kudumu, mwanangu," akasema.

Neno likapokewa, likapita mdomo kwa mdomo, ya kudumu, ni ya kudumu, likatoka nje, likapita kwangu, likapita msikiti. Nikasikia huko mbali watu wakishangilia. Kisha foleni nzima ikasogea mbele kwa pamoja, sisi wabebaji tukasukumwa nyuma, na tukamrudisha Mshamu ndani.